Safu ya Sababu

Waya ukigoma kutoka kwenye mashine ya MIG, mkono hukimbilia skrubu ya kukaza. Nimeliona hilo kwa fundi mwenye miaka ishirini kazini na kwa kijana wa wiki ya pili. Skrubu iko karibu, ni kubwa, imechorwa namba pembeni, na ukiizungusha jambo hutokea kweli: waya uliokwama unasukumika, unatoka, kazi inaendelea. Baada ya dakika kumi unakwama tena, na safari hii vibaya zaidi.

Nataka kuuliza swali ambalo huenda likaonekana kubwa mno kwa skrubu moja. Kitu kikiharibika, nani alipe: yule ambaye kimeharibikia mkononi, au yule aliyekiharibu? Kwa maneno jibu ni jepesi. Kila mtu atasema aliyekiharibu. Kwa vitendo, karibu kila mahali nilipowahi kukaa, anayelipa ni yule wa kwanza. Dada wa kazi hulipia sahani ambayo ilikuwa na ufa tangu Krismasi. Kondakta hulipia hesabu isiyotimia siku ambayo foleni imekula nusu ya safari zake. Hatuulizi ufa ulianza lini. Tunauliza nani alikuwa ameshika.

Kwa miezi minane niliandika hesabu za karakana moja ya kuchomelea jijini Dar es Salaam. Nilikuwa nimemaliza chuo, ajira niliyoisomea haikuwa imepatikana, na mwenye karakana alihitaji mtu wa kumtunzia daftari. Daftari hilo lilikuwa na kurasa za makato, zenye safu nne alizozichora mwenyewe kwa rula kabla sijafika: tarehe, jina, kilichoharibika, kiasi. Majina yaliyojirudia zaidi yalikuwa ya masaidia fundi, vijana wa kubeba vyuma, kupiga brashi na kuchomelea zile sehemu ambazo fundi mkuu hana muda nazo. Sidhani kama walikuwa wazembe kuliko wengine. Wao ndio walioshika vitu kwa saa nyingi zaidi.

Inabidi nieleze mashine kidogo, maana hoja yangu imo tumboni mwake.

Kuchomelea kwa vijiti kila mtu amekuona mtaani: fundi anabana kijiti, kinayeyuka, kikiisha anaweka kingine. MIG, iliyobuniwa mwaka 1948 katika taasisi ya Battelle kule Ohio, Marekani, imeondoa kijiti na kuweka waya. Waya wenyewe ni mwembamba, milimita 0.8 au 1.0, umezungushwa kwenye bobini kama ile ya cherehani, ila hii ina kilo 5 au 15. Rola mbili ndani ya mashine huubana na kuusukuma. Unaingia kwenye laina, mrija wa springi uliopita ndani ya kebo, unasafiri mita tatu hivi hadi kwenye tochi anayoishika fundi, na unatokea mbele kupitia tipu, kipande cha shaba chenye tundu kubwa kidogo tu kuliko waya. Hapo unakutana na chuma, umeme unapita, unayeyuka. Gesi inayotoka kwenye tochi hiyohiyo huufunika mwako ili hewa isiingie.

Angalia kilichofanyika. Kitu chembamba na laini kinasukumwa kutoka nyuma kupitia njia ndefu iliyopindapinda. Jaribu kupitisha uzi kwenye mrija kwa kuusukuma utaelewa kwa nini mashine hii ina ugonjwa wake maalumu. Kizuizi kikiwa mbele, kwenye tipu, rola hazijui. Zinaendelea kusukuma. Waya hauna pa kwenda, kwa hiyo unajikunja pale ulipo dhaifu, mara tu unapotoka kwenye rola kabla haujaingia kwenye laina, na unajisokota fundo kama nywele zisizochanwa wiki nzima. Ukifungua mlango wa mashine unaona fundo, unaona rola, na unaapa kwamba tatizo ni rola.

Yaani ugonjwa unaonekana mita tatu kutoka mahali ulipo.

Siku ninayoisema, karakana ilikuwa na kazi ya vyuma vya kukinga baraza la ghorofa ya kwanza ya shule ya chekechea. Mabomba ya mraba, maungio mengi, na mteja aliyeahidiwa Ijumaa. Kijana mmoja saidia fundi ndiye alikuwa na tochi. Waya ulikuwa ukitoka kwa kukwamakwama tangu asubuhi. Alimwambia fundi mkuu, fundi akakaza skrubu, akarudi kwenye kazi yake. Ukakwama tena, akakaza tena. Mchana waya ukasimama kabisa, mwako ukarudi nyuma ukayeyusha waya ndani ya tipu, na ndani ya mashine likafumka fundo lililoingia hadi katikati ya meno ya rola. Mwenye karakana alifika, akaona tipu mbili zilizoungua, rundo la waya uliokatwa, na kazi iliyosimama. Aliniambia niandike: siku tatu za posho. Jina la kijana.

Sitaki kumfanya mwenye karakana awe mtu mbaya, kwa sababu desturi yake ina hoja, na hoja hiyo nimewahi kuisikia kutoka kwa watu ninaowaheshimu. Mtu akijua kwamba kinachoharibikia mkononi mwake atakilipa, atakishika kwa uangalifu. Pili, mwenye mali hana muda wa kufanya uchunguzi kwa kila tipu ya shilingi chache. Kanuni butu inayoeleweka na wote ni nafuu kuliko haki kamili inayochukua nusu siku. Tatu, ukianza kuuliza sababu, kila mtu atakuwa nayo. "Bosi, si mimi, ni mashine." Karakana nzima itageuka baraza la wasemaji. Hoja hii ya tatu ndiyo nzito, na nitairudia.

Lakini hoja zote tatu zinadhania kwamba mkono ulioshika ndio ulioweza kuzuia. Aristotle, katika kitabu cha tatu cha maandishi yake ya maadili kwa jina la Nikomako, anaanza mjadala wa lawama hapohapo. Tendo la kulazimishwa, anasema, ni lile ambalo chanzo chake kiko nje ya mtu, naye hachangii chochote, kama mtu anayechukuliwa na upepo. Baada ya hapo anakiri kwamba mambo mengi hayako wazi hivyo. Anatoa mfano wa mabaharia wanaotupa mizigo baharini wakati wa tufani: hakuna atakaye kutupa mali, ila kwa saa ile mwenye akili atafanya hivyo. Fundi mkuu alipokaza skrubu alikuwa baharia wa namna hiyo. Ijumaa ilikuwa inakuja. Kijana je? Alikuwa kwenye ncha ya mbele ya msukumo ambao hakuuanzisha, na alikuwa ametoa taarifa. Sijui ni kitu gani zaidi tungemdai.

Sheria yetu, kwa kushangaza kidogo, inaliona jambo hili vizuri kuliko desturi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 28, inaruhusu mwajiri kukata mshahara kufidia hasara, ila kwa masharti: hasara iwe imetokana na kosa la mfanyakazi, mwajiri amweleze kwa maandishi sababu ya deni, kiasi na hesabu yake, ampe nafasi ya kuvipinga, na makato yasizidi robo ya ujira wake wa fedha. Sababu, kwa maandishi. Waliotunga sheria waliiweka safu ambayo daftari letu halikuwa nayo. Bahati mbaya kijana wa posho ya kila siku, asiye na mkataba wala nakala ya chochote, huifikia sheria hiyo kwa tabu kama waya unavyoifikia tipu iliyoziba.

Nilimwomba mwenye karakana jambo moja tu: nisiandike mpaka mashine ifunguliwe. Hakupenda, ila mashine ilikuwa lazima ifunguliwe hata hivyo.

Fundi mkuu aliifungua baada ya wengine kuondoka, na hapo ndipo nilipoanza kuwaheshimu watu wa kazi hii kwa namna nyingine. Aliegemeza hasira pembeni na kuanza kutoka mbele kurudi nyuma. Alitoa tipu iliyoungua, akalaza kebo chini ikanyooka bila kukunjwa, akageuza tochi mbali na uso (waya huo unatoka ukiwa na umeme, na unachoma jicho bila kuomba radhi), akabonyeza. Kama waya ungetoka vizuri bila tipu, mwenye kosa angekuwa tipu. Haukutoka vizuri. Basi tipu ikaachiwa huru. Akafungua rola, akashika waya kwa plaizi upande wa mbele na kuuvuta kwa mkono. Ulikuwa mzito. Basi rola nazo, kwa wakati huo, zikaachiwa. Akazungusha bobini kwa kidole kuona kama breki yake imekazwa mno; ilizunguka vyema na kusimama bila kujifyatua. Ikaachiwa. Ilibaki laina.

Ona utaratibu wenyewe ulivyo. Hakuna sehemu iliyoachiwa kwa kuonewa huruma, wala iliyoshikwa kwa kuwa karibu. Kila moja ilipewa nafasi ya kufanya kazi peke yake bila wenzake, na ikasema yenyewe. Nimekaa kwenye vikao vingi vya familia na vya ofisi vya kutafuta mkosaji. Sikumbuki hata kimoja kilichokuwa na subira ya namna hiyo.

Aliichomoa laina, akaipuliza kwa kompresa juu ya gazeti. Likatoka vumbi jeusi lenye vimeta vya rangi ya shaba. Vingi. Fundi akaviangalia kwa muda, kisha akarudi kwenye rola na kuimulika kwa simu. Rola ilikuwa ya meno.

Rola hutofautiana. Waya wa chuma uliojaa hutaka rola yenye mfereji laini wa umbo la V. Waya wenye unga ndani, ule unaochomelea bila mtungi wa gesi, ni mlaini na haupendi kubanwa sana, kwa hiyo hupewa rola ya meno madogo ya kuushika. Ukiweka rola ya meno kwenye waya wa kawaida, meno huukwangua ngozi yake ya shaba kila inapozunguka. Ukwangufu huo huingizwa kwenye laina pamoja na waya, kidogokidogo, siku baada ya siku. Laina inakuwa nzito. Fundi anakaza. Kadiri anavyokaza ndivyo meno yanavyokwangua zaidi, waya unabanwa ukawa bapa, laina inajaa zaidi. Dawa ilikuwa ndiyo chakula cha ugonjwa.

Na rola ya meno ilifikaje pale? Wiki mbili kabla gesi ilikwisha. Mwenye karakana hakuwa na fedha ya mtungi, akaagiza watumie waya wa unga kwa siku chache. Rola ikabadilishwa. Gesi iliponunuliwa waya ukarudishwa wa kawaida, haraka, siku yenye kazi nyingi, na rola ikasahauliwa ndani. Nani aliirudishia waya? Hakuna aliyekumbuka kwa hakika. Kijana hakuwa amewahi kuambiwa kwamba rola zina aina.

Sasa ile hoja ya tatu, kwamba ukianza kuuliza sababu hutafika mwisho. Ni kweli haina mwisho. Vumbi limetoka kwenye rola, rola imetoka kwenye gesi, gesi imetoka kwenye fedha, fedha imetoka kwa mteja aliyechelewa kulipa, na mteja naye ana lake. Mtu mjanja anaweza kuutumia mnyororo huu kumwachia kila mtu, mpaka hasara ibaki imesimama barabarani bila mwenyewe. Ninawajua watu wazima waliofanya maisha yao yote kuwa mnyororo huo. Lakini fundi wa mashine hatembei kwenye mnyororo hadi kuumbwa kwa dunia. Anasimama pale ambapo mkono ukibadilisha kitu, kitu kinabadilika. Na katika lawama nadhani mahali pa kusimama ni papo hapo: kwa mtu aliyekuwa na ujuzi wa kuona na uwezo wa kufanya vingine. Mteja aliyechelewa hakujua lolote kuhusu rola. Kijana hakujua. Waliojua kwamba rola imebadilishwa walikuwa wawili, na wote wawili walikuwa na cheo.

Kuna kitu kingine nilichojifunza usiku ule ambacho sikukitarajia, nacho kinahusu skrubu yenyewe. Fundi alipofunga rola sahihi na kusafisha laina, aliilegeza skrubu karibu yote. Kisha akauelekeza waya kwenye kipande cha mbao, akabonyeza, na kuanza kukaza kidogokidogo. Alitafuta nukta mbili. Waya usukumwe kwa nguvu ya kutosha kujikunja vizuri ukigonga mbao. Lakini ukizuiwa kabisa, rola ziteleze juu yake. Ziteleze! Nilimwuliza kama kuteleza si ndiyo kasoro tunayoitafuta. Akasema rola isiyoteleza itakuharibia waya, tipu na laina; inayoteleza itakuharibia dakika mbili tu.

Mashine iliyopangwa vizuri, kumbe, imepangwa mahali pa kushindwa. Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani, na sikuwahi kudhani walikuwa wakizungumza na mtambo. Nguvu inayokubali kuteleza inaleta habari: mbele kuna kizuizi, simama uangalie. Nguvu isiyoteleza inaificha habari hiyo mpaka iwe fundo. Kijana aliposema asubuhi kwamba waya unakwama, yeye ndiye alikuwa rola inayoteleza. Jibu alilopewa lilikuwa kukazwa. Na daftari la makato, nikilitazama sasa, lilikuwa skrubu kubwa ya karatasi. Kila aliyejua atakatwa alijifunza kutosema mapema. Alinyamaza, akasukuma, akatumaini kwamba kitu kitaharibikia mkononi mwa zamu inayofuata.

Na yaliyofichwa hayakuwa madogo. Katika MIG kasi ya waya ndiyo hubeba umeme: waya ukipungua, joto hupungua. Waya unaokwamakwama huacha mshono ambao kwa juu unang'aa, umekaa vizuri, ukipakwa rangi huujui, na kwa ndani haukushika chuma. Umelala tu juu yake. Maungio yaliyochomelewa asubuhi ile yalikuwa ya baraza la ghorofa, na watoto wa chekechea huegemea. Hakuna mtu angekatwa posho kwa maungio hayo, kwa kuwa hayakuwa yameharibikia mkononi mwa yeyote. Yangeharibikia mkononi mwa mtoto.

Fundi mkuu alipitisha grainda kwenye yote kumi na moja siku iliyofuata na kuyarudia. Alifanya hivyo bila kuagizwa, na bila kusema neno lolote ambalo mtu angeweza kuliita kukiri.

Simone Weil, Mfaransa aliyeacha kufundisha falsafa na kufanya kazi viwandani mjini Paris kati ya Desemba 1934 na Agosti 1935, aliandika huko shajara: vipande alivyotengeneza, muda uliotumika, ujira, maumivu ya kichwa. Ninachokipenda katika kitendo chake ni kwamba alikuwa na daftari la pili. La kwanza ni la mwenye kiwanda, nalo lina safu zake. Mtu wa chini mara nyingi hana la kwake, na hapo haki inakuwa suala la nani amechora mistari.

Nilipeleka gazeti lenye vumbi la shaba mezani kwa mwenye karakana. Aliliangalia, akamwita fundi, wakaongea nje. Aliporudi akasema, "Hiyo siku tatu iache." Nikauliza nimwandike nani. Fundi, aliyekuwa bado mlangoni, akasema, "Andika karakana." Mwenye karakana akacheka kidogo. "Karakana ni nani?" Swali halikuwa la mzaha hata kama alicheka, fedha ya karakana ilitoka mfukoni mwake, mfuko uleule uliokuwa mtupu gesi ilipokwisha. Sikuandika jina. Niliacha nafasi wazi kwenye safu ya pili, na pembeni, nje ya mstari wa rula, nikaandika: rola ya meno, laina imejaa.

Wiki iliyofuata likatoka agizo jipya. Kila asubuhi kabla ya kazi laina ipulizwe, rola ikaguliwe, waya wenye kutu ukatwe, maana hewa ya chumvi ya Dar hula waya ulioachwa wazi usiku. Ni agizo zuri, na mashine haikusumbua tena kwa muda nilioendelea kuwapo. Kazi hiyo alipewa yule kijana, kwa kuwa sasa alikuwa amejifunza. Inachukua robo saa. Ili mafundi wakute mashine tayari saa mbili, ilimbidi awe amefika saa mbili kasorobo, na posho yake ikabaki ileile. Nilitafuta kwenye daftari mahali pa kuiandika hiyo robo saa.